Shajara ya Kiyira: karatasi za maporomoko yaliyobaki

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimenunua daftari jipya la jalada gumu. La mwaka jana liliyeyuka ndani ya begi lililoandikwa kwamba halipitishi maji, kumbe lilipitisha. Hili nalifunga kwa mifuko miwili ya unga na mpira wa tyubu ya baiskeli.

Tuko saba. Wanne wamezaliwa kwenye kingo hizi, wawili wa Jinja na wawili wa Kayunga. Wawili walitoka Kampala wakafuata maji. Mimi ni mtu wa Sagana, Kenya. Kasia nilijifunza kwenye Tana, nikavuka mpaka kutafuta kazi, na sasa ni miaka. Sote tunakula kwa mto huu: tunaongoza maboti ya mpira, tunafundisha kayaki, tunaziba matundu ya maboti usiku ili asubuhi yaingie majini. Wenyeji wanauita Kiyira. Kwenye ramani ni Nile.

Mradi tumeuandika kwa mstari mmoja ubaoni: tuuandike mto uliobaki kati ya bwawa la Bujagali na maji yaliyolala ya Isimba, kila poromoko, kila kisiwa, kila kivuko, halafu tupeleke faili tukiomba sehemu hii ilindwe na sheria ya nchi. Tumejipa wiki kumi na mbili. Pesa tuliyonayo inatosha mafuta ya pikipiki, chapati na kurudufisha karatasi.

Kwa msomaji asiyejua historia. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika mahali Nile inapotoka ziwani mwaka 1862, akakuta maporomoko akayaita Ripon. Hayapo tena, yalimezwa bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali yakafuata: bwawa la megawati 250 lilizinduliwa 2012. Kisha Isimba, megawati 183, likazinduliwa Machi 2019. Ukiyapanga hivyo unaona mto unaliwa kuanzia kichwani kwenda chini, kama muwa. Sisi tunaishi kwenye pingili zilizobaki.

Wiki ya 1, Alhamisi

Nimesoma kuhusu mkataba wa 2007 mpaka macho yakauma. Nieleze nilivyouelewa, maana kila mtu hapa anautaja na wachache sana wameufungua.

Bujagali lilipotafuta mkopo, Benki ya Dunia ilitoa dhamana. Ili kufidia maporomoko yatakayozama, serikali ya Uganda iliahidi kwa maandishi kwamba eneo la Kalagala, chini kidogo ya hapo, litatengwa kwa ajili ya uasilia wake, mazingira yake na thamani yake ya kiroho, na kwamba halitajengwa mradi wa umeme wa kuliharibu bila benki kukubali. Ndiyo maana linaitwa eneo la fidia. Kalagala ni ukingo wa Kayunga. Itanda ni upande wa pili, Jinja. Maji ni yale yale, yamegawanywa na visiwa.

Ahadi nzuri. Lakini ni ahadi kati ya serikali na mkopeshaji. Mvuvi wa Itanda hayumo. Mimi simo. Pande mbili zilizoandika zinaweza kukaa tena na kuandika upya, na ndivyo ilivyokuwa: Isimba lilipojengwa, maji yake yalipanda mpaka ndani ya eneo lililokuwa la fidia, mipaka ikachorwa tena na eneo likaongezwa kwingine. Kwenye karatasi hesabu ikakaa sawa. Lakini poromoko si shamba, huwezi kupewa lingine mahali pengine.

Jambo la pili nimelipigia mstari mwekundu. Pale Kalagala ipo hifadhi ya msitu, na kando ya mto ipo nyingine. Hifadhi ya msitu inalinda miti. Maji yanapita katikati yake kama abiria asiye na tiketi.

Basi hoja yetu imepatikana: tunataka maji yenyewe yatajwe kwenye sheria.

Wiki ya 2, Jumanne

Siku ya kwanza ya kupima. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu tulikosea karibu kila kitu.

Tulichukua nondo ya mita mbili, tukaipaka rangi ya kucha kila baada ya upana wa kiganja: nyekundu, nyeupe, nyekundu. (Rangi ya kucha ni ya dada anayetupikia. Tumemlipa, na bado ananuna.) Tukaichomeka kwenye ufa wa mwamba juu ya Itanda, mahali maji yanapojikusanya kabla ya kushuka. Saa tatu asubuhi maji yalikuwa kwenye alama ya pili. Nikaandika. Tukagawana kazi: wawili kwenye kayaki wakipita na simu zenye ramani, wawili ukingoni wakichora, mmoja juu ya jiwe na kamba ya kuokolea, mimi na daftari.

Asiyeijua Itanda aifikirie hivi. Mto mpana unabanwa, unainama, na kabla hujasikia kitu masikioni unausikia kwenye nyayo, mwamba unatetemeka. Kuna ngazi kadhaa za maji, na chini yake shimo ambalo wapiga kasia wamelipa jina la Kiingereza lenye maana ya Mahali Pabaya. Maji yanashuka, yanajigeuza, yanarudi juu ya mgongo wao wenyewe, na kilichoingia humo kinazungushwa kama nguo kwenye beseni. Wageni wa maboti tunawashusha juu yake, wanatembea kwa miguu, wanapanda tena chini. Anayepita pote kwa kayaki anajua anachokifanya, au hajui kabisa.

Saa nne na nusu nikainua macho, nondo haionekani. Nikadhani imeibwa. Mwenzangu akacheka: ipo, imezama. Huko juu walikuwa wamefungua mitambo. Kufikia saa sita ilijitokeza tena, alama ya nne ikimeta kama ukucha wa bibi harusi. Michoro ya asubuhi na michoro ya mchana ilikuwa ya mito miwili tofauti.

Funzo la kazi: kila kipimo kiandikwe saa na alama ya nondo. Bila hivyo ni hadithi.

Simu moja imekwenda na maji, pamoja na ramani yote ya siku. Aliyeipoteza anaomba nisiandike jina lake. Siandiki. Anajijua.

Wiki ya 2, Ijumaa

Tumerudia yote. Sawa sasa.

Wiki ya 3, Jumatano

Ugomvi wa majina.

Orodha yetu ilikuwa imejaa majina ya wapiga kasia: Overtime, Vengeance. Mengi yalibandikwa na wageni waliokuja kwa furaha zao, na baadhi yanatokana na ulevi wa usiku uliotangulia. Mwenzetu wa Kayunga akauliza: ofisa atakayefungua faili hili na kukuta ukurasa mzima wa majina ya mchezo, ataona mto au ataona kiwanja cha watoto wa matajiri? Mwingine akajibu kwamba majina hayo ndiyo yanayoleta watalii, na watalii ndiyo hoja pekee serikali inayoielewa. Wakapandisha sauti. Mimi nikawa upande wa Kayunga.

Tukamwendea mzee mmoja mvuvi anayekaa karibu na njia ya kushukia. Kiswahili chake ni cha Kisumu, alifanya kazi kule ujanani, na hukizungumza akishapata mtu wa kukizungumza naye. Ndiyo maana mimi ndiye ninayetumwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Nyinyi wa mitumbwi ya mpira. Leo mmemzamisha nani?”

Akatutajia majina. Karibu kila jiwe tulilolipita miaka yote kwa kelele lina jina, na baadhi lina mwenyewe, maana yake roho yake, na familia inayolihudumia. Alipomaliza nikamuuliza kama naweza kuyaandika. Akanyamaza, akavuta nyavu, akasema mengine yanaandikwa na mengine yanaombwa, na hayo ya kuombwa si yake kuyatoa.

Kwa hiyo siyaandiki hapa. Kwenye faili tutaacha nafasi mpaka wenyewe waseme.

Wakati wa Bujagali jambo hili lilizua mgogoro mkubwa. Mwenye dhamana ya kiroho ya pale, Nabamba Budhagali, alishikilia kwamba roho wa maporomoko hahamishiki. Wenye mradi walifanya tambiko na watu wengine. Bwawa likajaa. Kwenye ripoti mambo hayo yanaingia kisanduku cha “utamaduni” na kupigwa vema. Mzee wetu alipolikumbuka hilo alisema tu, “Walimwomba asiyekuwa na nyumba pale.”

Wiki ya 4

Mvua. Maji ya kahawia. Hakuna kupima. Tumechora upya ramani kwenye karatasi ya milimita na kugundua kwamba visiwa viwili tumevihesabu mara mbili.

Wiki ya 5, Jumapili

Wiki ya kusoma. Tumetafuta waliotutangulia.

Wamarekani wana sheria ya mito ya 1968, ilitiwa saini tarehe 2 Oktoba mwaka ule. Miongoni mwa walioisukuma walikuwa ndugu wawili, John na Frank Craighead, watafiti wa wanyama waliokuwa wakishuka mito mikali kwa boti na kuona inavyofungwa mmoja baada ya mwingine. Sheria ilianza na mito minane. Nguvu yake iko hapa: mto ukishaingia kwenye orodha, mamlaka ya serikali kuu inayotoa leseni za mabwawa ya umeme haiwezi kutoa leseni ya kujenga pale. Haisemi “tutajitahidi.” Leseni haitoki.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi wanavyopanga mito katika madaraja matatu. La kwanza ni la mto wa porini kabisa, hakuna barabara, hakuna bwawa. La pili lina barabara mahali mahali. La tatu linaitwa la burudani: lina barabara, lina nyumba, na mto wake huenda uliwahi kuzuiwa au kuchepushwa zamani. Usiku huo nikawaambia wenzangu kwamba sisi, tukiwa wakweli, tungeangukia daraja la tatu. Maji yetu yanatoka kwenye mitambo. Bomba limeshikwa na mtu mwingine, sisi tunaishi ndani ya ndoo.

Mmoja alikasirika sana. Kwake Itanda ni pori tupu, na mtu aliyewahi kuzungushwa mle hawezi kuambiwa ni burudani. Namwelewa. Lakini faili likisema “mto wa porini usioguswa,” mhandisi yeyote atacheka na kulifunga kwenye ukurasa wa kwanza. Tumekubaliana kuandika: “sehemu inayotiririka kwa kasi yake kati ya mabwawa mawili.” Haina mvuto. Ni kweli.

Mfano wa pili ni Vjosa, Albania. Kule wapiga kasia, wanasayansi na wanavijiji walipigana pamoja kwa miaka, mabwawa yakiwa yamepangwa, na tarehe 15 Machi 2023 serikali ikautangaza mto kuwa hifadhi ya taifa. Nilichojifunza: wapiga kasia walileta picha na kelele, lakini wanasayansi ndio walioleta orodha ya viumbe, na wanakijiji ndio waliokwenda mahakamani. Sisi tuna picha na kelele.

Hata nyumbani Kenya, sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inampa waziri uwezo wa kutangaza ukingo wa mto kuwa eneo linalolindwa. Nimefanya kazi Sagana miaka kadhaa bila kujua hilo. Tulikuwa tunaokota chupa za plastiki tu.

Wiki ya 6, Jumamosi

Mkutano wa kijiji, chini ya mwembe. Tulikwenda na ramani yetu, tukaitandika, tukaeleza. Watu wakasikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga akasimama. Naandika maneno yake kama mwenzangu alivyonitafsiria kutoka Kisoga:

“Nyaya za umeme zinapita juu ya nyumba yangu, hazishuki. Mto unapita mbele ya nyumba yangu, mnashuka nyinyi na wazungu wenu. Sasa mnataka serikali iufunge mto kwa ajili yenu. Mimi nashika nini?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwenyekiti akauliza kama kulinda kunamaanisha watakatazwa kuchota maji, kuvua, kwenda kwenye maombi. Tukasema hapana. Akauliza imeandikwa wapi kwamba hapana. Haikuwa imeandikwa popote. Tulikuwa na kurasa za mawe na mawimbi, na neno “mvuvi” lilitokea mara moja, kwenye maelezo ya picha.

Tulirudi kimya. Njiani mmoja wetu, wa Jinja, akasema kwamba kwao umeme uliingia akiwa darasa la saba na aliusomea mtihani, kwa hiyo tusimfanye alaani mabwawa. Hakuna aliyelaani tena.

Wiki ya 7

Tumelianza faili upya. Sura ya kwanza sasa ni watu: nani anavua wapi na kwa zana gani, akina mama wanachota wapi, wanaoomba wanapita njia ipi, vijana wanaobeba maboti kutoka majini mpaka barabarani wanalipwa nani na siku gani. Dada anayetupikia ndiye amechukua daftari la hesabu, kwa sababu akina mama wanamwambia ukweli. Sisi walikuwa wanatuambia tunachotaka kusikia.

Sehemu ya pili ni kifungu kimoja kifupi, kimeandikwa na mwenyekiti mwenyewe: ulinzi usiguse uvuvi wa kitumbwi, uchotaji wa maji, wala ibada.

Wiki ya 8, Jumanne

Ofisini. Tumevaa mashati. Mwenzetu mmoja hatukumtambua.

Ofisa alikuwa mpole. Alishika barua, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

“Haina muhuri.”

Tukamwambia sisi si kampuni.

“Basi nyinyi ni nani?”

Wapiga kasia. Akaandika neno hilo pembeni kwa penseli na alama ya kuuliza. Kisha akaniuliza mimi natoka wapi. Nikamwambia. Akasema kwa upole ule ule kwamba Mkenya hawezi kuwa mwombaji wa kulindiwa mto wa Uganda, ila nikitaka naweza kuwa shahidi. Sikuona kosa katika hilo. Nimejiondoa kwenye sahihi, nimebaki karani.

Akatufundisha, bila kulazimika: barua itoke kwa wakazi, ipitie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kila kijiji, igongwe muhuri, nakala ziende wilaya zote zinazogusa mto, kwa wa misitu na kwa wa mazingira. Ukiileta kwa mlango mmoja tu, alisema, kila mtu atakuambia si mlango wake.

Tumehesabu vijiji. Ni pikipiki nyingi.

Wiki ya 9, Alhamisi

Siku mbaya, na nadhani ndiyo siku muhimu kuliko zote.

Kanuni za Uganda za mwaka 2000, zile za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, zinaitaja Nile kati ya mito yenye ukanda wa ulinzi wa mita 100 kila upande, kuanzia alama ya juu kabisa ya maji. Mito midogo ni mita 30. Tukaamua kuupima ukanda huo kwa kamba yetu ya kuokolea, tukiruka ruka kila baada ya umbali fulani, na kuandika kilichomo.

Upande wa Kayunga tulikuta mananasi, kama tulivyotarajia, safu baada ya safu mpaka karibu na majani ya mto. Kangulumira ni nchi ya mananasi. Mkulima mmoja alitukatia nanasi tukala huku tukimwandika, na aibu hiyo sitaisahau. Upande wa pili, mikaratusi, mahindi, tofali zinachomwa.

Halafu tukafika tulikoanzia. Kambi tunakohifadhi maboti. Tukanyoosha kamba kutoka alama ya maji. Bafu za wageni: ndani ya ukanda. Jiko: ndani. Ule ukumbi wa mbao unaoning'inia juu ya mto, wageni wanapokaa jioni kutazama jua likizama na kutuuliza tunapendaje mazingira: haukuwa ndani ya mita 100 tu, nguzo zake mbili zilikuwa majini.

Tulisimama pale na kamba. Mmoja akasema tusiandike, hii ni kazi yetu, mwenye kambi akijua tutalala nje. Mwingine akasema tukimwandika mwenye mananasi na tusimwandike mwenye kambi, tuchome faili. Tulibishana mpaka taa zikawashwa. Nilikuwa na hamu ya kusema jambo la hekima, nikakosa.

Mwishowe tulikwenda kwa mwenye kambi wote saba. Aliwaka. Akasema ana vibali. Akasema bila yeye tungekuwa tunauza mitumba. Asubuhi akaniita peke yangu, akaomba nimwonyeshe kamba ilifika wapi. Nikamwonyesha. Akatazama bafu muda mrefu. Hakusema kitu. Imeandikwa kwenye faili, ukurasa uleule na mananasi, bila jina la mtu yeyote.

Wiki ya 10

Mihuri: vijiji vyote isipokuwa viwili. Kimoja mwenyekiti amesafiri kwa msiba. Kingine anataka kwanza kujua tunalipwa na nani. Tumemwonyesha risiti za chapati.

Rangi ya kucha imeisha.

Wiki ya 11, Jumatatu

Leo tulishuka mpaka chini kabisa, kuandika mahali mto unapokufa.

Ni kazi rahisi kiufundi. Unaelea bila kupiga kasia, unasubiri mahali ambapo maji hayakubebi tena, unaweka alama. Tulikuwa wanne. Mkubwa wetu amefanya kazi hii tangu kabla ya Bujagali kujaa, na alikubali kuja ilhali miaka yote hii amekataa kushuka huku.

Mwendo ulipungua polepole. Kwanza mapovu yanaacha kukupita. Kisha unasikia ndege, ambao kwenye mto mkali huwasikii. Kisha kayaki inageuka ubavu yenyewe, kivivu, kama ng'ombe aliyeshiba. Magugu maji. Miti iliyokufa imesimama majini, mnandi juu yake wamekausha mabawa. Nikaweka alama, nikaandika saa.

Yeye hakusimama. Alipiga kasia taratibu katikati ya maji yale tambarare, tukamfuata, mwendo mrefu bila neno. Akatazama kilima kimoja upande wa kushoto, akatazama mti fulani kulia, akarudi nyuma kidogo, akaweka kasia juu ya mapaja.

“Hapa.”

Chini yetu ilikuwa Nile Special, wimbi lililosimama. Watu walikuwa wanasafiri kutoka nusu ya dunia kuja kupanga foleni kulicheza, mmoja mmoja, wengine wakisubiri kwenye maji ya pembeni. Alilijua kabla halijawa na umaarufu. Akachovya mkono, akautoa, akasema maji ni ya moto. Kweli yalikuwa ya moto, yanalala juani.

Nilimuuliza kama liliwahi kuandikwa mahali popote rasmi, kwenye ramani ya serikali, ripoti, chochote. Akafikiri.

“Liliandikwa kwenye fulana.”

Wiki ya 12, Jumatano

Faili lina kurasa 64 na ramani nne. Watu wako mbele, mawe nyuma. Ombi ni aya moja: maji kati ya mabwawa haya mawili, pamoja na Kalagala na Itanda, yatangazwe kwenye gazeti la serikali kuwa eneo linalolindwa, kwa sheria ya Uganda yenyewe, iwe mkataba wa benki upo au haupo. Uvuvi, maji na ibada viendelee. Jedwali la mita 100 limewekwa kama lilivyo.

Mzee mvuvi ametuma mjukuu na ujumbe. Kati ya majina aliyotutajia, matatu yamekubaliwa na wenyewe kuandikwa. Mengine tusiulize tena mwaka huu. Nimeyaandika matatu hayo kwa kalamu, kwenye nakala zote, kwa sababu tulikuwa tumeshachapisha.

Ofisa yule yule. Akageuza nyuma, akageuza mbele. Akahesabu mihuri kwa ncha ya kalamu. Pale penye penseli ya zamani, “wapiga kasia” na alama ya kuuliza, akafuta alama ya kuuliza. Labda alikuwa anasafisha tu. Akagonga muhuri wa kupokelewa, akatupa nakala, akasema tusubiri.

Wiki ya 13, Jumapili

Bado hakuna barua. Mwenye kambi amechimba shimo la bafu mpya kule juu, nyuma ya maegesho. Hajasema ni kwa nini, na hatujamuuliza.

Nondo ya Itanda imekwenda na maji ya usiku. Mjukuu wa mzee, ambaye siku hizi ndiye anayesoma alama kila jioni akitoka shule, amekuja na daftari lake kulalamika kwamba Ijumaa na Jumamosi ameshindwa kuandika. Nimemwambia aandike “nondo hakuna” na saa. Jumamosi tunapeleka nyingine, nene zaidi, na safari hii tunakwenda na saruji.